Jina la Moto, Jina la Udongo: Elimu ya Herufi kutoka Bagamoyo hadi Sinza

Tunakaa wawili katika chumba kimoja cha uani hapa Sinza, si mbali na Kumekucha. Muhula uliopita mwenzangu alirudi na kitabu cha kopi, cha Kiingereza, kinachofundisha jinsi ya kutumia hekima ya Kabala katika maisha ya kila siku: namna ya kupata kazi, namna ya kutuliza hasira, namna ya kujua kama mchumba anakufaa au hakufai. Alikuwa amepigia mistari karibu kila ukurasa.

"Soma hii, bwana," akaniambia. "Herufi zina namba, namba zina nguvu. Wayahudi wameificha miaka na miaka."

"Hii mbona kwetu ipo," nikamjibu.

"Ipo wapi?"

"Mimi mwenyewe ilinibadilisha jina."

Akacheka, akadhani namtania. Wiki mbili baadaye bumu lilipoingia, akachukua sehemu nono ya fedha zile akampelekea mtaalamu mmoja ambaye karatasi yake ilikuwa imebandikwa kwenye nguzo ya umeme, zile karatasi zinazoahidi pete ya bahati, kurudisha mpenzi na kusafisha nyota. Mtaalamu akamwuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, akamwambia jina lake linagombana na nyota yake, akampa karatasi yenye miraba tisa iliyojaa tarakimu. Tangu siku hiyo mpaka mwisho wa muhula tulikula kwa fedha yangu. Simsimangi. Nayaeleza haya ili ndugu msomaji ajue kwamba makala haya hayakuzaliwa maktaba. Yalizaliwa kwenye sufuria ya maharage isiyotosha watu wawili.

Swali langu ni la kihistoria. Elimu hii ya herufi na hesabu, ambayo wazee wetu wa pwani waliiweka katika fungu la elimu ya batini, ilikuwa inafanya kazi gani katika maisha ya watu? Na ilikuwaje ikatufikia sisi wa Sinza ikiwa imebaki karatasi na bei? Naona wahakiki wetu wamelipita swali hili kwa haraka mno, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Tuanze na hiyo Kabala yenyewe, maana mwenzangu aliniletea mlangoni. Neno hili la Kiebrania maana yake ni kupokea, au kile kilichopokewa. Mzizi wake ni ndugu wa ule mzizi wa Kiarabu uliotupa sisi kubali, kabuli na takabali. Hata kabla na kibla wamo katika ukoo huo. Kwa hiyo tangu jina tu, elimu hii inasema kwamba haiokotwi njiani. Lazima awepo anayetoa na awepo anayepokea.

Kitabu kidogo cha kale kiitwacho Sefer Yetzirah kinaeleza kwamba Mungu aliumba ulimwengu kwa njia 32, yaani hesabu 10 na herufi 22 za Kiebrania. Kitabu kikubwa zaidi, Zohar, kilianza kuonekana Hispania, nchi ya Castile, katika miaka ya 1280, mikononi mwa Moses de León aliyefariki mwaka 1305. Yeye alisema ni maneno ya mwalimu wa karne ya 2, Shimon bar Yochai. Mwanahistoria Gershom Scholem, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1941, alitumia hoja za lugha na mtindo kuonyesha kwamba mtungaji alikuwa ni huyo huyo Moses de León. Sisi tuliokesha tukibishana nani hasa katunga utenzi fulani wa Pate tutamwelewa Scholem vizuri sana.

Lakini sehemu iliyonigusa ni ya baadaye. Mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Hispania. Wakatawanyika, wengine wakafika mji wa Safed, kule Galilaya. Huko, kuanzia 1570 hadi alipofariki 1572, alifundisha mtu mmoja aitwaye Isaac Luria. Yeye mwenyewe aliandika kidogo sana. Tunayoyajua mengi yaliandikwa na wanafunzi wake, hasa Chaim Vital. Luria alifundisha kwamba mwanzoni nuru ya Mungu ilimiminwa katika vyombo, vyombo vikashindwa kuihimili, vikavunjika, na cheche za nuru zikatawanyika katika kila kitu. Kazi ya binadamu ni kuzikusanya, na hazikusanywi kwa miujiza. Zinakusanywa katika kula, katika kusali, katika kutimiza amri ndogondogo za kila siku kwa nia safi. Scholem aliona katika mafundisho haya uchungu wa watu waliofukuzwa: waliong'olewa makwao ndio waliosimulia habari za vyombo vilivyovunjika. Ninaomba jambo hili likumbukwe, nitalirudia nikifika Bagamoyo.

Sasa, Wayahudi wenye kufuata mapokeo haya hatukuwa nao pwani kwetu. Abayudaya wa Mbale, Uganda, waliotokana na Semei Kakungulu mwaka 1919, walianza kwa kusoma Agano la Kale, si Zohar. Tulichokuwa nacho sisi ni binamu wa elimu ile, naye ni abjadi. Herufi 22 za Kiebrania zina thamani kuanzia 1 hadi 400. Herufi za Kiarabu, zikipangwa kwa utaratibu wa kale wa abjadi, hawazi, huti, kalamani, zinafuata thamani zile zile, kisha zinaongezwa sita za mwisho kuanzia 500 hadi 1000. Yule Myahudi anayeona kwamba neno la "moja" na neno la "upendo" katika lugha yake yote yana jumla ya 13, na kwamba 13 mbili zinafanya 26 ambayo ni jumla ya jina la Mungu, anafanya kazi ile ile ya yule Mswahili anayeandika 786 juu ya mlango wa duka lake, maana 786 ndiyo jumla ya herufi za Bismillahi. Tofauti ni alfabeti na dini tu.

Nilisema elimu hii ilinibadilisha jina. Nilizaliwa Bagamoyo nikaitwa Saidi. Nikiwa na miaka minne nikashikwa na homa isiyokatika. Zahanati walinipa dawa, homa ikashuka, ikapanda tena. Shangazi akasema mtoto jina limemzidi. Akaitwa shehe mmoja wa mtaani, mtu mzima, mwalimu wa chuo. Akafanya hesabu, nikatoka hapo naitwa Rajabu. Ujira wake ulikuwa kuku mweupe na mita mbili za bafta.

Hesabu yenyewe ninaijua kwa sababu baadaye nilijifunza, na nitaiweka hapa wazi ili tusidanganyane kwamba ni siri kubwa. Unachukua jina la mtu na jina la mama yake, unajumlisha thamani za herufi, unaondoa kumi na mbilimbili mpaka zisiondoke tena. Kinachobaki ndiyo nyota: 1 ni Hamali, 2 Thauri, 3 Jauza, 4 Saratani, 5 Asadi, 6 Sumbula, 7 Mizani, 8 Akrabu, 9 Kausi, 10 Jadi, 11 Dalu, na isipobaki kitu ni Hutu. Nyota hizi nazo zimegawanywa: za moto, za udongo, za upepo, za maji, kwa zamu hiyo hiyo. Mama yangu ni Halima. Kwa Kiarabu: he 8, lamu 30, ye 10, mimu 40, na herufi ya mwisho 5. Jumla 93. Saidi ni sini 60, aini 70, ye 10, dali 4. Jumla 144. Ukiyaweka pamoja unapata 237. Ondoa 228, inabaki 9. Kausi, nyota ya moto. Ndiyo maana mtoto anaungua! Rajabu ni re 200, jimu 3, be 2, yaani 205. Pamoja na mama, 298. Ondoa 288, inabaki 10. Jadi, nyota ya udongo. Udongo unazima moto. Homa ikaisha.

Nilipoipata hesabu hii nikiwa kidato cha tano nilitetemeka, nakiri. Ilikuwa imekaa sawasawa kama ubeti uliotimia vina na mizani.

Halafu nikafika Mlimani, nikakaa na vitabu, nikagundua jambo. Ile herufi ya mwisho ya Halima wataalamu hawakubaliani juu yake. Wapo wanaoihesabu kama he ndogo, 5, kwa kuwa ndivyo inavyoandikwa. Wapo wanaoihesabu kama te, 400, kwa kuwa ndivyo inavyotamkwa ikiunganishwa na neno linalofuata. Ukishika 400, mama yangu anakuwa 488. Saidi na mama wanakuwa 632. Ondoa 624, inabaki 8. Akrabu. Nyota ya maji! Rajabu na mama wanakuwa 693. Ondoa 684, inabaki 9. Kausi. Moto. Kumbe kwa kalamu ya shehe mwingine nilitolewa kwenye maji nikatiwa motoni, tena nikiwa na homa, na bado nikapona.

Na hapo sijagusa watu wa Maghribi, ambao baadhi ya herufi wanazipa thamani nyingine kabisa; kwao sini si 60 bali ni 300. Mtu anayetaka kuamini kwamba nguvu iko katika namba zenyewe, kama kinavyotaka kitabu cha mwenzangu na kama anavyotaka mtaalamu wa nguzo ya umeme, ana kazi kubwa ya kunieleza mimi.

Je, tuseme basi yote ni upuuzi, tufunge daftari? Hivyo ndivyo uhakiki wa hapa Mlimani ulivyoelekea kusema, hasa katika miaka ya 1970 na 1980, pale nadharia ya utabaka iliposhika usukani. Mambo ya batini yalitiwa kapu moja na ushirikina, na ushirikina ulitiwa kapu moja na kasumba. Ninawaelewa wahakiki wale. Walikuwa wanajenga taifa. Lakini matokeo yake ni kwamba tumefundishwa kuisoma Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utungo wa Pate wa mwanzoni mwa karne ya 19, kama habari ya kuporomoka kwa tabaka la matajiri na majumba yao. Habari hiyo imo, hakuna anayekataa. Lakini jina la utungo linatoka katika msamiati wa Masufi: kufunuka, kuondolewa pazia. Na anayezungumzwa si tajiri, ni moyo. Mshairi anaubembeleza moyo wake mwenyewe kwa mifano ya taa, vyumba na kuta, vitu vya nyumbani. Huo ni utaratibu wa kufundisha batini kwa kupitia vitu vya kila siku, na tusipoujua tunabaki tunahesabu majumba.

Chukua pia Dura Mandhuma ya Sayyid Umar bin Amin, kadhi wa Siyu wa karne ya 19. Beti zake zimepangwa kwa kufuata herufi za Kiarabu, alifu mpaka ye, na kila herufi inafungua wasia. Jina lake maana yake ni lulu zilizotungwa. (Angalia Kiswahili kilivyo na akili: tunatunga shanga na tunatunga shairi kwa kitenzi kimoja.) Hapa herufi haikuletei bahati. Inakudai. Umefika jimu, una jambo la kufanya. Umefika dali, una jingine. Mtoto aliyekariri utungo ule alikuwa amekariri alfabeti na adabu kwa mkupuo mmoja. Hiyo ndiyo elimu ya herufi iliyoingizwa katika maisha ya kila siku, bila pete wala miraba.

Nisije nikaonekana napamba mambo ya kale. Biashara ilikuwepo tangu zamani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa kwetu Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapwa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903, amesimulia jinsi watu walivyomwendea mwalimu awatazamie nyota, na mwalimu hakufanya bure. Anasimulia bila kucheka na bila kuhubiri, kwa nathari tulivu ambayo wengi wetu hatuifikii. Na waliopinga walikuwepo pia. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah kule Mombasa mwaka 1932, na baada yake Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliyefariki 1982, walilipigania suala la kutenga dini na mambo ya mzuka. Kwa hiyo ubishi huu si wa Sinza peke yake, wala mtaalamu wa nguzo si wa kwanza. Mpaka mwaka 2011 alipofariki, Sheikh Yahya Hussein wa Magomeni Mwembechai alikuwa akisikilizwa na nchi nzima, na wanasiasa nao walikuwa wakitega masikio.

Lakini liko jambo ambalo kapu la ushirikina haliwezi kulibeba, nalo ni la Bagamoyo.

Katika karne ya 19 mji ule ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara. Watu waliletwa pale wakiwa mali. Mmoja wao alikuwa mtoto kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, aliyeingia katika nyumba ya Mwarabu wa ukoo wa Lemki. Akaitwa Yahya bin Abdallah. Hilo "bin Abdallah" lina historia yake: pwani mtumwa ambaye baba yake hakujulikana aghalabu aliitwa mwana wa Abdallah, mtumwa wa Mungu. Yaani jina lilikuwa linajaza tundu. Katika mji ambao swali la kwanza ni "wewe mtoto wa nani?", mtu huyu hakuwa na jibu la kutoa barazani.

Mtu huyu ndiye aliyekuja kuwa Sheikh Ramiya, khalifa mkubwa wa tarika ya Kadiria, ambaye alipofariki mwaka 1931 alikuwa na wafuasi sehemu nyingi za Tanganyika. August Nimtz, katika utafiti wake uliotoka mwaka 1980, ameeleza habari zake kwa kirefu. Aliinukia katika nyumba ile ile ya kitumwa, akasoma, akapewa ijaza.

Ijaza ndiyo nataka tuishike. Katika tarika hujitangazi. Mwalimu anakupa ruhusa, naye alipewa na mwalimu wake, naye na wake, mpaka mnafika kwa Sheikh Abdulkadir Jilani wa Baghdad aliyefariki 1166, na kutoka kwake mpaka kwa Mtume. Mnyororo huo ndio silsila. Kadiria ilipata nguvu kubwa pwani yetu hasa kwa kazi ya Sheikh Uways wa Barawa, aliyekwenda Baghdad, akaipokea huko, akaileta Unguja wakati wa Sayyid Barghash, na akauawa Somalia mwaka 1909. Sasa tazama linalotokea. Yahya, mwana wa tundu, anapokea ijaza. Siku hiyo anaweza kutaja majina ya mababu zake wa kiroho, moja baada ya jingine, karne kwa karne, bila kukwama. Waungwana waliokuwa wakimwona mtoto wa mtumwa wanabanana naye katika duara la dhikri, bega kwa bega, wanavuta pumzi moja. Nasaba aliyonyang'anywa njiani kutoka Manyema ilijibiwa kwa nasaba nyingine ambayo hakuna mwenye nyumba aliyeweza kumpokonya.

Hebu rudi Safed. Watu waliofukuzwa, vyombo vilivyovunjika, cheche zinazokusanywa. Sisemi Ramiya alimjua Luria, la hasha. Ninasema kwamba watu waliong'olewa, huku na kule, waliikimbilia elimu ya kupokea kwa sababu moja ya wazi: kupokea kunamfanya mtu awe wa mtu fulani. Na mtu akishakuwa wa mtu fulani ana majirani, ana deni, ana zamu ya kuchota maji siku ya ziara. Hapo ndipo batini ilipokuwa ikiingia katika maisha ya kila siku. Wakoloni waliliona hilo mapema. Mwaka 1908, mara tu baada ya Vita vya Maji Maji, ilipozagaa ile barua iliyodaiwa kutoka Makka, serikali ya Wajerumani ilihangaika kusini yote ikiwashuku watu wa tarika. Hawakuogopa namba. Waliogopa watu waliofungamana bila ruhusa yao. Na mtoto wa Ramiya, Sheikh Muhammad, alikuja kuwa mtu wa TANU.

Ukilitazama kwa jicho hili, hata Kezilahabi anasomeka vingine. Tumezoea kusema Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni riwaya za Nietzsche na udhanaishi zilizovaa kanzu, na mwandishi mwenyewe, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa na falsafa za Ulaya kichwani, hilo ni kweli. Lakini msafiri anayetafuta, anayekutana na mzee mmoja baada ya mwingine, kila mzee akimpa sehemu tu na kumsukuma mbele, ni umbo ambalo pwani na bara wanalijua kabla ya Nietzsche. Kwa maoni yangu, riwaya hizi mbili zinahusu mtu anayetaka kupokea katika dunia ambayo watoaji wamekwisha. Mhakiki atakayeandika juu ya hilo kwa urefu nitamshukuru, mimi nafasi hainitoshi.

Nyumba ninayoandikia iko kwenye viwanja vya ule mradi wa miaka ya 1970 uliogharimiwa na Benki ya Dunia, uliotoa pia Kijitonyama na Mikocheni. Viwanja vilipimwa kwa kamba, vikapewa namba kwanza, watu wakaja baadaye kutoka kila mkoa. Hapa hakuna anayekuuliza mtoto wa nani. Wanakuuliza kodi ya miezi mingapi. Ninapapenda Sinza kwa hilo. Lakini ndiyo sababu naelewa jinsi mwenzangu, mtoto wa Tabora asiye na shangazi wala mjomba katika jiji hili, alivyosimama mbele ya nguzo ya umeme akasoma kwamba yupo mtu anayejua nyota yake.

Mwezi uliopita nilipanda basi la Bagamoyo nikaenda kumwuliza mama. Nilitaka kitu kimoja tu: shehe yule alihesabu 5 au 400?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda, huko hamli?"

Nikamweleza shida yangu. Nikamchorea na namba chini, kwenye mchanga. Akatazama, akafuta kwa kanga akiniambia nitapalia miiba watoto wanaopita na kijiti changu. Hirizi anayo bado, ile iliyoshonwa siku ile, na ndani yake bila shaka imo karatasi ya hesabu. Nikamwomba tuifungue.

"Hirizi haifunguliwi."

"Sasa nitajuaje alihesabu nini?"

"Mimi hizo namba hata sikuziona," akasema. "Alikaa na kalamu yake dakika chache tu. Halafu akaanza maagizo. Akamwambia baba yako, jina jipya hamwiti wewe mtoto huyu, anamwita kaka yako mkubwa, sikioni. Na unajua hawajasemeshana tangu walipogawana ile minazi. Akasema na mimi niwapikie uji watoto wa chuo Ijumaa saba. Akasema dawa za hospitali zirudiwe, zimalizwe, maana tulikuwa tunaacha katikati ukichangamka kidogo."

"Baba akaenda?"

"Saa nane mchana, jua linawaka. Kavaa kanzu. Mimi niko mlangoni nimekubeba, nakwambia nilimwona miguu inamtetemeka njia nzima mpaka kwa kaka yake."

Baba mkubwa alikuja jioni ile ile. Ndiye aliyeniita Rajabu mara ya kwanza, na ndiye aliyenilipia ada kidato cha tano na cha sita baada ya baba kufariki. Hilo la ada nilikuwa nalijua. La minazi sikuwa nalijua.

Nilirudi Sinza usiku. Mwenzangu alikuwa ameibandika ile miraba tisa ukutani juu ya kitanda chake. Akaniuliza kama nimepata nilichokwenda kutafuta, nikamwambia sikupata. Nikamwomba jina la mama yake ili na yeye nimpigie hesabu zote mbili, ya 5 na ya 400, aone mwenyewe.

"Anaitwa Zaina. Au Zainabu, sijui. Nyumbani tunamwita mama tu."

"Kwa Kiarabu anaandikaje?"

"Sijawahi kumwuliza."

Akakaa kidogo, akachukua simu, akatoka uani kumpigia.